Kihisi Kinachozimika Hakinishawishi

Nikisoma ripoti ya kihisi kipya, yaani molekuli ya kubaini zebaki kwenye maji kwa mwanga wake, swali langu la kwanza ni hili: zebaki ikifika, molekuli inawaka au inazimika? Nyingi huzimika, na si ajabu. Atomu nzito ikikaa karibu na molekuli iliyofyonza mwanga, nishati hupotea kama joto badala ya kutoka kama mng'aro. Lakini shaba nayo huzima, oksijeni huzima, tope huziba mwanga, na molekuli yenyewe huchakaa ikimulikwa mno. Giza lina sababu nyingi. Utajuaje ipi ni zebaki?

Ndiyo maana napendelea rodamini, molekuli ya rangi inayong'aa. Ikifungwa kwa pete ndogo ya ziada ya atomu, mtandao wake wa elektroni hukatika katikati, ikawa haina rangi wala haing'ai. Mwaka 1997 kikundi cha mwanakemia Anthony Czarnik kilionyesha kwamba shaba inaweza kuifungua pete hiyo. Kwa zebaki mtego ni salfa, ambayo zebaki huing'ang'ania kuliko karibu kitu chochote. Ukiweka kundi lenye salfa kando ya pete, zebaki huinyofoa salfa ile, pete hufunguka, na maji yasiyo na rangi yanageuka waridi. Mulika kwa mwanga wa kijani, yatang'aa rangi ya chungwa.

Mmenyuko huo haurudi nyuma, kwa hiyo kihisi hiki hakifai kufuatilia zebaki ikipanda na kushuka. Kwa kupima sampuli moja baada ya nyingine, hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni asidi: huifungua pete peke yake, bila metali yoyote, hivyo bila bafa, yaani mchanganyiko unaotuliza kiwango cha asidi, unapima pH (kiwango hicho cha asidi) tu.

Halafu kuna maji yenyewe. Mwongozo wa WHO kwa zebaki isokaboni (isiyoungana na kaboni) katika maji ya kunywa ni mikrogramu 6 kwa lita, yaani takriban nanomola 30 kwa kipimo cha wanakemia. Kuifikia namba hiyo kwenye maji safi ya maabara, yaliyochanganywa na kiyeyusho, si kazi kubwa siku hizi. Lakini maji ya mto yana kloridi na mabaki ya mimea yanayoishika zebaki kabla kihisi hakijaigusa, na mabaki hayo hung'aa yenyewe kwa rangi ya samawati. Kwa hiyo naongeza kiasi ninachokijua cha zebaki kwenye sampuli ileile ya mto, kisha naangalia kihisi kinasoma kiasi gani cha nilichoongeza. Ripoti isiyo na jaribio hilo siimalizi.