Video Uliyotuma Ilikuwa Safi, Mbona Kwa Mwenzako Ina Ukungu?

Kwenye dawati letu la TEHAMA, lalamiko hili halipiti wiki bila kufika: "Nimemtumia bosi video safi kabisa, anasema haoni kitu." Mtumaji anailaumu intaneti, mpokeaji anamlaumu mtumaji. Mara nyingi wote wawili wamekosea.

Barua pepe yenyewe haigusi ubora wa video. Faili uliloambatisha hugeuzwa kuwa mlolongo wa herufi, husafirishwa, kisha hurudishwa kama lilivyokuwa. Mageuzi hayo hulivimbisha kwa takriban theluthi moja, ndiyo maana faili linaweza kukataliwa hata kama simu inaonyesha liko chini ya kikomo cha ukubwa kinachoruhusiwa.

Na kikomo ni kidogo. Gmail huruhusu MB 25. Dakika moja ya video ya 1080p (HD kamili) kwenye iPhone, kwa fremu (picha) 30 kwa sekunde, hula takriban MB 60 kwa mfumo mpya wa kubana video uitwao HEVC, au MB 130 kwa ule wa zamani wa H.264. Haiingii! Hapo ndipo watu huichukua ile iliyokwisha kupita WhatsApp, ambayo imebanwa tayari, wakaiambatisha wakidhani ni ile ile. Ukungu umeanzia hapo. Chukua ya asili kwenye simu iliyorekodi.

Faili likizidi kikomo, Gmail hulipeleka Google Drive na kumtumia mpokeaji kiungo. Akikifungua papo hapo anaweza kuona picha hafifu, kwa kuwa Drive bado inaichakata. Asubiri kidogo, au aipakue.

HEVC ina kisa chake. iPhone zilianza kuitumia mwaka 2017 na iOS 11, lakini kompyuta nyingi za Windows haziielewi hadi ziongezewe programu ndogo ya kuisoma: unasikia sauti, kioo cheusi. Programu ya VLC huifungua bila shida. Anayetuma anaweza kubadili fomati kwenye mipangilio ya kamera, achague inayokubalika na vifaa vingi.

Wanaotengeneza majarida ya barua pepe wana mtihani mwingine, yaani video inayocheza ndani ya ujumbe. Apple Mail huicheza. Gmail huiondoa. Outlook ya Windows ya mtindo wa zamani (classic), tangu toleo la 2007, huonyesha ujumbe kwa injini ya Word, na Word haikuundwa kuonyesha sinema. Hata picha zile za GIF zinazojongea, matoleo yake mengi huzigandisha kwenye fremu ya kwanza.

Kwa hiyo weka picha tuli yenye alama ya pembetatu, uiunganishe na ukurasa wa video. Ukitumia GIF, usianze na fremu nyeusi. Kama unatangaza mkutano, tarehe na mahali viwe kwenye fremu hiyo hiyo ya kwanza.