Mbwa na paka wa kutuliza mawazo: ya mtaani na ukweli wenyewe

Hapa Dodoma ukisema unafuga mbwa watu wanajua ni wa ulinzi, ukisema anakutuliza mawazo wanakucheka, eti mambo ya wazungu. Wapi! Pita jioni huku Nkuhungu uone bibi na paka wake, kajilaza mapajani anakoroma na bibi anamsimulia ya kutwa nzima, sasa hiyo si ndo yenyewe? Cha Marekani ni karatasi tu, mtaalamu wa afya ya akili anakuandikia barua unampelekea mwenye nyumba akuruhusu kukaa na mnyama wako.

Na hiyo barua sio kwamba unaingia nae popote. Sheria yao ya 1990 ya watu wenye ulemavu inamtambua mbwa aliyefundishwa kazi, mfano kumwongoza asiyeona, wa kufariji tu hayumo. Mashirika yao ya ndege nayo tangu Januari 2021 hayalazimiki kumbeba, watu walizidisha bwana, 2018 pale uwanja wa ndege wa Newark mtu alitaka kupanda na tausi!

Eti ukiwa na mbwa huhitaji daktari? Kumpapasa kunashusha stresi kweli, na kwa vile lazima ale, unaamka hata siku hujisikii. Ila sonona hatibu. Hulali, huli, unawaza kujidhuru, nenda Mirembe, hospitali yetu ya afya ya akili hapa Dodoma, na acheni utani wa "hospitali ya vichaa", watu wanahudhuria kliniki pale na kurudi zao nyumbani.

Inayonikera mimi ni hii ya "mnyama ni mnyama tu". Mbwa kafungwa mnyororo mfupi chini ya bati, jua la Oktoba unalijua, kopo la maji limekauka, ukoko wa ugali umejaa nzi, halafu usiku mwenyewe anataka amchangamkie. Mnyama mwenye hofu atamtuliza nani? Ukimshika akawa anapiga miayo, analamba pua, anageuza kichwa pembeni, anakwambia niache, basi mwache. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, sio hisani hiyo.

Sio lazima awe mbwa pia, Waislamu wengi mate ya mbwa kwao najisi, paka hana shida.

Na chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka hata kama hatoki getini. Akikung'ata, hata kama ni wako wa kumlea, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu hospitali siku hiyohiyo, mambo ya kupaka pilipili achana nayo.