Baba naye aandaliwe kabla ya siku ya leba

Mimi ni mkunga hapa Moshi, na kinachoniuma sana ni baba anayekaa benchi la nje usiku kucha na beseni na kadi ya kliniki mkononi, mlango ukifunguka anasimama, hakuna anayemwambia kitu. Mke na mtoto wake wako ndani, sisi tunamkumbuka tu kukiwa na dawa ya kununua.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilishauri kila mama awe na mtu aliyemchagua mwenyewe muda wote wa uchungu. Tafiti zinaonyesha mama mwenye mtu wake pembeni ana nafasi kubwa zaidi ya kujifungua kawaida na uchungu wake unafupika kidogo. Lakini anayechagua ni mama, akisema anamtaka dada yake au mama mzazi baba asinune.

Sasa shida ni kwamba tunamwingiza baba bila kumwandaa halafu tunashangaa akidondoka. Aambiwe mapema, mimba ikiwa na miezi saba hivi, kwamba mimba ya kwanza kutoka njia ikiwa imefunguka sentimita 5 mpaka kufunguka yote inaweza kuchukua mpaka masaa 12, na kabla ya hapo kuna masaa mengine mengi, kwa hiyo akisikia sentimita 3 asianze kugombana na manesi kwanini hawampasui. Aambiwe damu kiasi ni kawaida, mtoto anatoka na utando mweupe na kichwa kimerefuka kidogo na kitarudi. Na ale jamani! Baba ambaye hajala tangu jana ndo huyo anayeona giza.

Halafu apewe kazi, maana mwanaume asiye na kazi pale ndani hofu inampanda na mama anaiona usoni kwake. Uchungu ukija akandamize kiganja chini ya mgongo wa mama, pale juu ya makalio, kwa nguvu, akiambiwa toa mkono atoe bila kubishana. Ampe maji kidogo kidogo, apumue naye taratibu, amsaidie kutembea. Ila yale maneno ya "jikaze, mbona wenzako wanaweza" ayaache nyumbani, sijawahi kuona yakimsaidia mama yeyote.

Najua hospitali nyingi leba ni chumba kimoja, vitanda vimetenganishwa na mapazia, mwanaume hawezi kuingia kwa sababu ya wamama wengine, na hiyo ni haki yao. Ulizeni mkiwa bado kliniki, msisubiri usiku wenyewe. Kama hairuhusiwi, ndugu wa kike aingie na baba abaki karibu, simu ina chaji, usafiri umeshapangwa, na watu wa kuchangia damu wanajulikana.

Wakunga wenzangu, mambo yakibadilika ndani, mtu mmoja atoke amwambie baba kinachoendelea, hata dakika moja inatosha, kwa sababu akiona tunakimbia kimya anajua tayari ameshafiwa. Wengine wanabaki na hiyo picha miezi, hawalali, na hakuna anayewauliza.

Na kwa mlioajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa baba likizo ya angalau siku 3 yenye malipo, ichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mwambie bosi mapema, tarehe ya makadirio iko kwenye kadi.