Romu za Simu Zisizo za Kiwandani Zinahitaji Viwango vya Pamoja

Malalamiko tunayopokea kuhusu simu zilizobadilishwa mfumo endeshi yanaongezeka, na mengi yanatoka kwa wateja wa vibanda vya mafundi kati ya Digo Road na Mwembe Tayari, Mombasa. Mteja hupeleka simu ambayo kampuni yake imeacha kuitumia masasisho, fundi huiflashi, yaani huifutia mfumo wa zamani na kuiwekea romu (mfumo endeshi uliojengwa na watu wasio wa kampuni hiyo) aliyoipata mtandaoni, na simu hurudi ikiwa na Android mpya. Baadaye programu ya benki hukataa kufunguka, au laini haishiki mtandao kabisa. Wengi hutufikia wakiwa wameshaamua kwamba fundi ni mwizi, dhana ambayo mara nyingi haina msingi, kwa kuwa fundi naye hakuwa na njia ya kujua undani wa alichokiweka.

Wajenzi wa romu wanafanya kazi yenye manufaa. Romu iliyoitwa CyanogenMod ilianza mwaka 2009, na ilipofungwa mwishoni mwa 2016 kazi yake iliendelezwa na LineageOS, mradi ambao umejiwekea masharti ya maandishi kuhusu mambo yanayopaswa kufanya kazi kabla ya simu fulani kupewa romu rasmi. Masharti hayo, hata hivyo, yanawafunga wao peke yao. Mjenzi mwingine ana uhuru wa kuita "thabiti" romu isiyoweza kurekodi video, na neno hilohilo likasomwa na fundi wa Kongowea kana kwamba limepimwa.

Mfano mmoja ni tarehe ya kiraka cha usalama (sasisho la kuziba udhaifu wa mfumo) inayoonekana kwenye mipangilio. Google ilianza kutoa viraka vya Android kila mwezi mwaka 2015, na wananchi wameaminishwa kwamba tarehe mpya maana yake ni simu salama. Si kweli, na tumelieleza jambo hili mara nyingi. Tarehe hiyo inahusu sehemu ya Android yenyewe, ilhali programu za modemu, chipu na kamera hutoka kwa watengenezaji wake na huenda zimebaki nyuma kwa miaka kadhaa. Kiwango cha pamoja kingemlazimu mjenzi kutangaza tarehe zote mbili. Kingemlazimu pia kueleza romu imesainiwa kwa funguo zipi za kidijitali, zile zinazoithibitishia simu programu imetoka kwa nani, kwa sababu ziko romu zilizosainiwa kwa funguo za majaribio zinazopatikana wazi pamoja na msimbo wa Android. Mwenye nia mbaya akizitumia, programu yake inaweza kupewa mamlaka ya mfumo mzima.

Jambo linalotutia wasiwasi zaidi ni IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Katika simu nyingi namba hiyo yenye tarakimu 15 huhifadhiwa, pamoja na vipimo vya redio, katika sehemu ya kumbukumbu ambayo haipaswi kuguswa, lakini maelekezo ya baadhi ya romu humwambia fundi afute kila kitu bila kumtaka kwanza atunze nakala ya sehemu hiyo. Namba ikipotea, fundi hutafuta kifaa cha kuandika nyingine, na hapo ndipo anapoingia kwenye kosa la jinai. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya, katika vifungu vya 84G na 84H, inakataza kubadilisha utambulisho wa simu na pia kumiliki au kusambaza vifaa vya kufanyia kazi hiyo kwa nia hiyo, na adhabu yake ni faini, kifungo, au vyote viwili. Kusema "nilikuwa namsaidia mteja" hakutoshi kuwa kinga.

Fundi anayenakili picha na mawasiliano ya mteja kabla ya kuflashi akumbuke pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: data ikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mhusika, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72, na faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo ndicho kikitumika.

Tunachopendekeza kwa wajenzi ni maelezo ya ukurasa mmoja, yenye mpangilio uleule kwa kila romu: modeli kamili ya simu, mahali msimbo ulipo (na kwa kiini cha Linux kilicho msingi wa Android, leseni huria ya GPL tayari inamtaka anayekisambaza autoe), alama ya SHA-256 ya kuhakikishia kwamba faili haikubadilishwa, yasiyofanya kazi, na njia ya kurudi kwenye mfumo wa kiwandani. Wanaodai kwamba viwango vitaua ubunifu hawajatuonyesha ni ubunifu gani unaozuiwa na mtu kuandika kwamba simu aliyoijengea romu haiwezi kupiga namba ya dharura.

Kwa sasa, mteja aombe risiti yenye jina la romu, toleo lake na tarehe ya kujengwa, na abonyeze *#06# mbele ya fundi kabla na baada ya kazi, akiandika namba anazoziona. Simu yenye nafasi mbili za laini huonyesha IMEI mbili, na zote zinahitajika. Lalamiko linaloletwa bila namba hizo hatuwezi kulichunguza ipasavyo.