Je, wajua kwa nini mdimu unaomwagiliwa kila siku huchelewa kuzaa?

Katika nyua za Mombasa, mdimu uliositawi majani pasipo kuzaa hupewa hukumu moja kati ya mbili: ama ni dume, ama haujashiba maji. Hukumu ya kwanza imeazimwa kwa mpapai, ambao kweli huwa na miti ya kiume na ya kike mbalimbali. Ua la mdimu, likifunuliwa kwa kucha, huonyesha katikati kijiti kimoja cha kijani, ambacho ni sehemu ya kike, kikiwa kimezungukwa na vijiti vyeupe vyenye chavua ya manjano. Yako maua yanayokosa sehemu ya kike, lakini si mti mzima, na msumari unaopigiliwa shinani ili kuutisha mti hauna dume wa kumtisha.

Hukumu ya pili inaaminika kwa urahisi zaidi, na kwa hiyo ina madhara zaidi. Penye baridi, jamii ya michungwa huchochewa na baridi kutoa maua; Mombasa, ambako hata Julai usiku kwa kawaida haushuki sana chini ya nyuzi 20, kichocheo huwa ni kiu. Majaribio yaliyochapishwa Marekani mwaka 1986 yalionyesha kwamba wiki 2 za kiu ya wastani ziliitosha midimu ya Tahiti, aina ya ndimu kubwa, ingawa midimu yetu ya ndimu ndogo ni jamaa yake tu. Wakulima wa Sicily, kisiwa cha Italia, nao huinyima milimau maji makusudi wakati wa joto ili wavune nje ya msimu.

Kwenye kwapa la kila jani mna jicho linaloweza kuwa tawi au ua. Maji ya kila siku huliamsha mapema likawa tawi, kama rojo la vitumbua lichomwavyo kabla halijaumuka. Kiu husimamisha ukuaji, na katika mapumziko hayo jicho huelekea kuwa ua. Maji yakirudi, yawe ya masika au ya ndoo, huchanua. Rojo likikaa mno huchacha, na mdimu ukiachwa mno hupukutisha majani.

Kwa hiyo kati ya Januari na Machi mti uliokomaa unaweza kunyimwa maji mpaka majani yajikunje mchana na kujikunjua jioni, kisha ukanyweshwa vya kutosha. Mche wa mbegu hauharakishwi hivyo, kwani unahitaji miaka kadhaa kwanza. Maua yakishatoka, kiu haifai tena: hudondosha ndimu zikiwa bado changa.