Mapokeo Matakatifu ni nini, na yanahusianaje na Biblia?

Mwanafunzi Mkatoliki wa Bagamoyo hukutana na swali hili mapema, mara nyingi bwenini au kwenye daladala, kabla hajalisikia darasani: "Hiyo Rozari yenu imeandikwa wapi?" Anayeuliza ni mlokole mwenzake, na anauliza kwa nia njema kabisa. Mwanafunzi analipeleka swali kwa katekista, naye katekista anaanza kumtafutia mstari. Hapo ndipo mafundisho mengi yanapokwenda kombo. Mwalimu ameshakubali, bila kujua, kanuni ambayo Kanisa Katoliki halijawahi kuwa nayo, kwamba jambo la imani halina uzito mpaka lipatikane kwa sura na aya.

Tuanzie pale Kanisa lenyewe linapoanzia. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima) kuhusu ufunuo, Dei Verbum, iliyotangazwa na Papa Paulo VI tarehe 18 Novemba 1965, haifungui na Biblia. Inafungua na Mungu aliyependa kujifunua mwenyewe kwa watu, kwa matendo na maneno yanayoshikamana, hadi ufunuo huo ukafikia utimilifu wake katika Yesu Kristo. Tunaposema ukweli uliofunuliwa tunamaanisha hilo: Mungu amejitambulisha, na ametujulisha mpango wake wa kutuokoa. (Wanafunzi wakisikia "ufunuo" hukimbilia kitabu cha mwisho cha Biblia chenye yule mnyama wa vichwa saba. Waachie wacheke, halafu endelea.)

Katika mji kama Bagamoyo hapa panahitaji uangalifu zaidi. Mtoto aliyekua jirani na madrasa, akiwasikia wenzake wakihifadhi Kurani, hudhani Biblia kwake ni kama Kurani kwa jirani yake, na akisikia neno Mapokeo anawaza Hadithi za Mtume. Wapo walimu wanaoutumia ulinganisho huo kwa kuwa ni mwepesi. Mimi siupendi, kwa sababu hautendi haki upande wowote. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 108, inasema wazi kwamba imani ya Kikristo si "dini ya kitabu". Ni dini ya Neno wa Mungu aliyefanyika mwili. Yesu hakuacha kitabu alichokiandika. Aliacha mitume, akawatuma wahubiri na kubatiza, akawaambia wafanye karamu ile ya mwisho kwa ukumbusho wake.

Hayo waliyoyapokea mitume kwa Kristo na kwa Roho Mtakatifu, wakayakabidhi kwa mahubiri, kwa mfano wa maisha yao na kwa taratibu walizoziweka, ndiyo Mapokeo Matakatifu. Ushahidi wake umo ndani ya Biblia yenyewe. Paulo anawaambia Wakorintho kuhusu Ekaristi kwamba aliipokea kwa Bwana, naye akawapa wao. Barua hiyo ni ya miaka ya 50, na kwa maoni ya wataalamu wengi hakuna Injili hata moja iliyokuwa imeandikwa wakati huo. Wakorintho walikuwa wameshabatizwa na tayari walikuwa wanaumega mkate. Wathesalonike nao wanaambiwa washike mapokeo waliyofundishwa, "ama kwa maneno, ama kwa waraka wetu" (2 Thes 2:15).

Historia ya hapa nyumbani inasaidia kidogo. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, Biblia nzima kwa Kiswahili haikuwepo bado. Ilipatikana miaka ya 1890. Waliokombolewa utumwani na kulelewa pale misheni walijifunza ishara ya msalaba, Baba Yetu na Misa kwa kusikia na kushiriki. Mfano huu lakini una mpaka wake. Wamisionari hawakuwa mitume, na walichokikabidhi kilikuwa kimeshaandikwa na kuhifadhiwa kwa karne nyingi. Unaonyesha tu kwamba imani inaweza kufika nzima mahali ambapo kitabu hakijafika.

Sasa wape wanafunzi zoezi dogo: wafungue Kitabu cha Tobiti. Mwenye Biblia ya Kikatoliki kwa kawaida atakikuta baada ya Nehemia. Mwenye Biblia ya Union ya shangazi yake, ile wanayoitumia Waprotestanti wengi, atapekua kutoka Nehemia hadi Esta, atarudi nyuma, ataangalia orodha ya vitabu, kisha ataanza kuchungulia ya mwenzake. Biblia moja ina vitabu 73, nyingine 66. Nani aliamua? Hakuna aya inayotaja orodha ya vitabu vya Biblia. Orodha ya zamani kabisa tuliyonayo yenye vitabu vyote 27 vya Agano Jipya, wala si zaidi, imo katika barua ya Askofu Atanasi wa Aleksandria ya mwaka 367. Mitaguso ya Hippo (393) na Karthago (397) ikataja vitabu vyote, Tobiti kikiwemo, na Mtaguso wa Trento ukaithibitisha orodha hiyo mwaka 1546. Kanisa lilivitambua vitabu hivyo kwa kuvipima na imani liliyoipokea na kuisali. Kwa hiyo hata anayesema "Biblia peke yake" ameshika mkononi kitabu ambacho jedwali la yaliyomo lake alilipokea kwa watu waliomtangulia.

Je, basi tuna vyanzo viwili vya ukweli, nusu huku na nusu kule? Vitabu vingi vya zamani vya katekesi vilifundisha hivyo, na baadhi ya walimu bado wanaendelea. Mwaka 1962 maaskofu wa Mtaguso huo wa Pili wa Vatikano, waliokutana Roma, waliletewa rasimu yenye kichwa kilichotaja "vyanzo vya ufunuo", kwa wingi. Tarehe 20 Novemba, 1,368 walipiga kura mjadala wa rasimu hiyo usimamishwe, 822 wakataka uendelee. Theluthi mbili iliyohitajika kuisimamisha haikufikiwa, lakini Papa Yohane XXIII aliiondoa akaagiza iandikwe upya. Miaka 3 baadaye hati mpya, ndiyo Dei Verbum, ilipita kwa kura 2,344 dhidi ya 6. Inasema Maandiko na Mapokeo yanabubujika kutoka chemchemi moja ya kimungu, yanaungana na kuelekea mwisho mmoja. Kwa pamoja ni amana moja ya Neno la Mungu. Ukimfundisha mwanafunzi kwamba Mapokeo ni mahali pa kutafuta yaliyokosekana kwenye Biblia, umemfundisha rasimu iliyoondolewa.

Mlokole naye atamfungulia Marko 7, ambapo Yesu anawakemea Mafarisayo kwa kuiacha amri ya Mungu na kushika mapokeo ya wanadamu. Hoja hiyo ni ya kweli, isikwepwe. Kanisa linatofautisha Mapokeo ya mitume na mazoea yaliyozaliwa baadaye mahali mbalimbali, ambayo yanaweza kubaki, kubadilishwa au kuachwa. Misa kwa Kilatini ilikuwa desturi; leo tunasali kwa Kiswahili na ngoma zinapigwa. Rozari yenyewe ni sala ya ibada iliyokua taratibu, japo mafumbo yake mengi yamo kwenye Injili. Kubatiza watoto wachanga ni jambo la uzito mwingine kabisa: Kanisa linalishika kama Mapokeo ya tangu kale.

Anayeamua lipi ni lipi ni Mamlaka Fundishi, yaani maaskofu katika umoja na Papa, nayo haiko juu ya Neno la Mungu bali inalitumikia. Pio XII, kabla ya kutangaza fundisho la Bikira Maria kupalizwa mbinguni tarehe 1 Novemba 1950, aliwaandikia maaskofu wa dunia nzima mwaka 1946 kuwauliza imani yao na ya waamini wao. Hakuwa na ufunuo mpya wa kutangaza.

Ufunuo mpya kwa wote hautakuwepo hadi Kristo atakaporudi. Mtu akisimama kwenye maombi akasema "nimefunuliwa", hata kama ni kweli, hawezi kuongeza kitu katika amana ya imani. Matokeo ya Bikira Maria kule Lurdi (1858) na Fatima (1917), yaani kuwatokea kwake watu, Kanisa limeyakubali, lakini kama ufunuo binafsi. Mkatoliki asiyevutiwa nayo hajaacha sehemu yoyote ya imani yake.