Udhaifu wa uzeeni si uzee wenyewe

“Ni uzee tu, mama.” Maneno haya husemwa kwa upole, na kwa upole huohuo mgonjwa hurudishwa nyumbani bila kupimwa. Lakini wapo wenye miaka 85 wanaopanda ngazi bila kushika ukuta, na wapo wa miaka 68 ambao homa ndogo huwalaza wiki mbili, wasirudi tena walivyokuwa. Kinachowatofautisha ni akiba ya mwili. Misuli, moyo, mapafu na ubongo vikipungukiwa kidogo kidogo, jambo dogo humwangusha mtu. Huo ndio udhaifu wa uzeeni.

Wengine hudhani kuutambua ni kazi ya hospitali kubwa. Hapana. Mwaka 2001 Linda Fried, daktari na mtafiti wa afya ya wazee, na wenzake walitaja dalili tano: kupungua uzito bila kukusudia, uchovu, mkono kukosa nguvu ya kushika, mwendo wa polepole na kutojishughulisha. Zikikutana tatu, mtu amedhoofika. Ikiwa moja au mbili, yuko njiani. Wewe mhudumu wa afya, mengi ya haya utayaona kabla mgonjwa hajafika mezani kwako. Mwangalie anavyoinuka kwenye benchi: anajisukuma kwa mikono miwili? Mkanda wake umeongezwa tundu jipya? Kisha atembee mita 4 kwa mwendo wake wa kawaida. Akizidisha sekunde 5, mchunguze zaidi. Usimhukumu hapohapo, maana hata goti bovu huchelewesha mwendo.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba aliyedhoofika apumzishwe. Watoto wake humletea kila kitu kitandani, kwa mapenzi kabisa, na miguu inazidi kuisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa wazee wenye afya njema waliolazwa kitandani siku 10 tu walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Na mwaka 1990, wazee wa miaka 86 hadi 96 walifanya mazoezi ya kuinua uzito kwa wiki 8, chini ya uangalizi, na nguvu ya mapaja yao ikaongezeka zaidi ya maradufu. Miaka 96!

Kuhusu “dawa ya kuongeza nguvu”: mara nyingi kinachotakiwa ni kupunguza. Mwombe aje na mfuko wa dawa zake zote. Dawa ya usingizi huongeza hatari ya kuanguka, na ya presha huweza kumtia kizunguzungu. Pima presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Dawa zipunguzwe na mtaalamu, hatua kwa hatua. Tazama na meno: asiyeweza kutafuna nyama wala maharage hapati protini ya kujenga misuli, hata sahani ikijaa.

Mwulize pia mwenyewe anataka nini. Wengi hawaombi makubwa; wanataka waende msalani bila kushikwa. Basi anza na hapo: mgonjwa ainuke kitini na kuketi mara tano kabla ya kila mlo, na mtu amesimama karibu naye, asimnyanyue.